Uzamili wa epidemiolojia Mwanza: eneo gani la utafiti linamalizika vizuri ndani ya mwaka mmoja?

Mwana_Ilemela

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo. Niko uzamili wa epidemiolojia (elimu ya namna magonjwa yanavyoenea kwa watu), masomo ya darasani yanaisha mwezi wa sita, kisha nina miezi 12 ya kukusanya data na kuandika tasnifu. Mfadhili sina. Mezani nina maeneo manne: kichocho mwambao wa ziwa, VVU kwa wavuvi, usugu wa vimelea dhidi ya dawa hospitalini, na shinikizo la damu pamoja na kisukari. Msimamizi ameniachia nichague mwenyewe.

Siulizi ugonjwa upi una fedha za wafadhili. Nauliza upi mtu mmoja akiwa Mwanza mjini anaweza kuufanyia utafiti wa kueleweka, na wapi hasa watu wanakwama. Nawasilisha.

Hesabu_Nyegezi

Karibu. Ushauri wangu: usianze na ugonjwa. Anza na ile namba ya chini ya sehemu, ambayo walimu wa hesabu wa shule ya msingi wanaiita asili. Juu unaweka wagonjwa uliowapata. Chini unaweka nani? Ukiweza kutaja kwa sentensi moja watu wote ambao *wangeweza* kuhesabiwa, na ukawa na orodha yao au njia ya kuitengeneza, una utafiti. Usipoweza, una rundo la fomu tu. Tasnifu nyingi za kanda hii zinaanguka kwenye asili, ugonjwa wenyewe hauna kosa.

Swali la pili: tukio unalolipima linatokea mara ngapi? Chukua VVU. Tuseme maambukizi mapya ni 1 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Ukifuatilia watu 1,000 mwaka mzima bila kumpoteza hata mmoja, unapata matukio 10. Kwa kanuni iliyozoeleka ya matukio 10 kwa kila kigezo (kitu kama umri au kazi) kwenye modeli ya takwimu, hapo una nafasi ya kigezo kimoja. Hiyo si kazi ya mwanafunzi mmoja. Maambukizi mapya ya VVU yanahitaji kundi lililokwisha kuundwa, kama lile la kata ya Kisesa, wilaya ya Magu, linalofuatiliwa tangu 1994. Ukilitaka eneo hilo, omba data zilizopo na ujenge swali lako juu yake.

Tena, kabla ya kuandika neno "afua" (hatua unayoingiza ili kubadili hali) kwenye mada yako, soma vizuri jaribio la Mwanza la 1991 hadi 1994 la kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati. Walikuwa na jamii 12 zilizopangwa jozi 6, na maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40. Baadaye Rakai, Uganda, walitibu jamii nzima kwa mkupuo na hawakuona upungufu wa namna hiyo. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba janga lilikuwa kwenye hatua tofauti: huku bado changa, kule limekomaa. Somo la kitakwimu ndilo ninalotaka uondoke nalo: maelfu ya watu walipimwa, lakini kilicholinganishwa ni jamii. Una jozi 6, basi ushahidi wako ni wa jozi 6. Mwanafunzi anayechukua kijiji kimoja chenye afua na kimoja kisicho nayo, kisha akachambua watu 400 kana kwamba kila mmoja anajitegemea, ana ulinganisho wa kijiji kimoja kwa kimoja tu, hata kama fomu zinajaza kabati.

Kwa kifupi kwa yale manne: kichocho ndiyo chaguo langu la kwanza kwako, usugu wa dawa la pili. VVU ichukue kwa data za kliniki tu. Shinikizo la damu linawezekana na ni rahisi kuliko yote kwa vifaa, lakini watu wanaharibu kipimo chenyewe. Mtu akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, upime mara 3, uache cha kwanza na uchukue wastani wa viwili vya mwisho. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, na hapo unatengeneza wagonjwa wasiokuwepo.

Hadubini

Naunga mkono kichocho, na nitakaa hapo maana ndiyo eneo linaloonekana jepesi hadi siku ya kwanza ya maabara.

Kwanza jua unatafuta kichocho kipi. Mwambaoni na visiwani ni cha tumbo, *Schistosoma mansoni*, kwa sababu konokono wake, *Biomphalaria*, wanaishi ziwani na kwenye matete ya kando. Ukienda bara, Kwimba, Misungwi na sehemu za Magu, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, unakuta cha mkojo, *Schistosoma haematobium*, kinachobebwa na konokono wa *Bulinus*. Mtu akiandika "kichocho mkoa wa Mwanza" halafu akapima kinyesi peke yake Kwimba, atatoa kiwango cha chini na kukiita mafanikio.

Kwa cha tumbo, Kato-Katz, yaani kuhesabu mayai ya kimelea kwenye kinyesi kwa hadubini, bado ndiyo njia ya msingi. Kinyesi kinapitishwa kwenye chujio, kinajaza tundu la kiolezo cha miligramu 41.7, kiolezo kinaondolewa, juu kinawekwa kipande cha selofani kilicholowekwa angalau saa 24 kwenye gliserini yenye rangi ya kijani ya malakiti, kisha slaidi inageuzwa na kugandamizwa. Hesabu ya mayai unazidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Slaidi mbili? Jumlisha kisha zidisha kwa 12. Mfano mayai 7 na 11: jumla 18, mara 12, ni 216. Mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya kati, 400 na kuendelea mazito. Kwa hiyo huyo ni wa kati.

Mambo yanayoharibika:

Kinyesi chepesi cha majimaji hakikai kwenye kiolezo, ujazo unakuwa wa kubahatisha. Andika hali ya kila sampuli, usilazimishe.

Slaidi moja ya mtu mmoja siku moja inakosa wenye mayai machache. Yai moja kwenye slaidi tayari ni 24 kwa gramu, hivyo mwenye mayai 10 kwa gramu mara nyingi atasomwa hana. Na mayai hayatoki sawasawa kila siku. Slaidi mbili kwa kinyesi cha siku mbili tofauti ni bora kuliko slaidi nne za siku moja.

Ukitaka kusoma na minyoo ya safura humo humo, soma ndani ya dakika 30 hadi 60, kwani gliserini inayeyusha mayai yake. Mayai ya kichocho yanasubiri hadi kesho yake. Ripoti nyingi zenye "safura asilimia 0" ni slaidi zilizosomwa kesho yake.

Asilimia 10 ya slaidi zisomwe upya na msomaji mwingine asiyejua majibu ya kwanza. Weka bajeti yake toka mwanzo, vinginevyo haitafanyika.

Kipimo cha mkojo cha CCA, kinachotafuta chembe za kimelea badala ya mayai, kinaona wengi zaidi kuliko hadubini pale maambukizi yalipo mepesi. Kinasomwa dakika ya 20, na kikipita dakika 25 kitupwe. Tatizo lake ni ule mstari hafifu. Je, ni chanya au hasi? Amua kabla ya kwenda uwanjani, uandike kwenye pendekezo, na utoe matokeo kwa namna zote mbili. Tofauti inaweza kubadili hitimisho zima. Na usikitumie kwa kichocho cha mkojo, hakikifai. Huko unachuja mililita 10 za mkojo uliochukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi, na mayai 50 au zaidi kwa mililita 10 ni maambukizi mazito.

Sasa swali lenyewe la utafiti. Tafadhali usifanye tena watoto wa shule wa miaka 9 hadi 12 kwa sababu tu wanapatikana wamekaa darasani. Hao ndio waliogawiwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, miaka mingi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kwamba pale kiwango kilipofika asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia miaka 2, watu wazima wakiwemo. Kwa hiyo pengo liko kwa watu wazima wa mialoni (mitumbwi inakoshushia samaki), kina mama wanaochakata dagaa, watoto walio chini ya miaka 5 wanaoogeshwa ziwani, na vijana walioacha shule wakaingia kwenye mitumbwi. Mmoja kati ya hao anatosha tasnifu nzima.

Mwana_Ilemela

Asanteni sana. Hadubini umenifungua macho kuhusu watu wazima. Basi tuseme: kiwango cha kichocho cha tumbo kwa watu wazima wa mialo na vijiji vya mwambao, na vitu vinavyoambatana nacho. Kwa fomula ya kawaida napata watu 384, naongeza asilimia 10 ya watakaokataa, 422. Kipimo: Kato-Katz. Uchambuzi: rejesheni ya lojistiki (hesabu ya kuona vitu gani vinaambatana na kuwa na ugonjwa). Niko sawa?

Hesabu_Nyegezi

Hapana, na nafurahi umeuliza sasa. Kuna makosa matatu hapo, na yote hujitokeza mbele ya watahini.

La kwanza. 384 inatoka kwenye 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5 mara 0.5, gawa kwa 0.05 kipeo cha pili. Fomula hiyo inadhani umeokota watu mmoja mmoja kutoka orodha ya mwambao mzima. Wewe utakwenda kijiji kwa kijiji, na watu wa kijiji kimoja wanaoga maji yale yale, kwa hiyo wanafanana. Unazidisha kwa athari ya makundi: 1 kuongeza (watu kwa kila kundi, toa 1) mara kiwango cha ufanano ndani ya kundi. Watu 30 kwa kijiji na ufanano wa 0.05 ni 1 + 29 × 0.05 = 2.45. Mara 384 ni 941. Ukichukua watu 15 tu kwa kijiji: 1 + 14 × 0.05 = 1.7, unahitaji 653. Yaani vijiji 32 vya watu 30, au vijiji 44 vya watu 15. Nauli ya vijiji 12 vya ziada ilinganishe na gharama ya slaidi za watu 288 wa ziada. Kichocho kinabadilika sana kati ya kijiji na kijiji, kwa hiyo 0.05 si makadirio ya kutisha. Jaribu na 0.1 uone, kisha tafuta thamani iliyochapishwa kwa mazingira yanayofanana.

La pili, wanaokataa. Huongezi asilimia 10, unagawa kwa 0.9. 941 gawa kwa 0.9 ni 1,046. Kwa kuongeza ungepata 1,035, na wakikataa hao asilimia 10 unabaki na 931, pungufu. Tofauti ni ndogo hapa, ila ukitarajia asilimia 30 hawapatikani, na mialoni ni jambo la kutarajia, inakuwa kubwa.

La tatu ndilo kubwa. Kichocho mwambaoni ni tukio la kawaida, si la nadra. Tuseme wanaoingia majini kila siku wana asilimia 60 na wasioingia asilimia 40. Uwiano wa viwango ni 1.5. Rejesheni ya lojistiki itakupa uwiano wa odi (odi ni wenye ugonjwa gawa kwa wasio nao): 60 kwa 40 gawa kwa 40 kwa 60, ambao ni 2.25. Wanafunzi wanaandika "wana hatari mara 2.25 zaidi" na mganga mkuu wa wilaya anaamini. Tumia rejesheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, au ya binomia yenye kiungo cha logi, upate ile 1.5 moja kwa moja. Programu za takwimu za Stata na R zote zinafanya, na R ni ya bure. Ieleze programu vijiji ndiyo makundi, na uweke uzito kama hukuchagua vijiji kwa uwiano wa idadi ya watu.

Idadi ya mayai ukiichambua, usitumie rejesheni ya mstari nyoofu. Wengi wana sifuri na wachache wana maelfu. Ni kazi ya rejesheni ya binomia hasi, inayomudu namba za namna hiyo.

Bint_Magu

Naongezea kidogo kwa wasomaji wengine waliovutiwa na eneo la tatu, usugu wa dawa, maana dada au kaka hapo juu amelihama.

Data za maabara ya hospitali hazina nauli, ndiyo raha yake. Shida ni hiyo asili aliyoitaja Hesabu_Nyegezi. Sampuli ya kuotesha vimelea haichukuliwi kwa kila mgonjwa. Mara nyingi anachukuliwa yule ambaye dawa ya kwanza imeshamshinda, au aliyelazwa siku nyingi. Ukisema "asilimia 60 ya vimelea vya njia ya mkojo ni sugu", umesema juu ya hao tu. Sentensi hiyo isiende zahanati kama mwongozo wa matibabu.

Mengine matatu. Mgonjwa mmoja akioteshwa mara 5, hesabu kimelea cha kwanza tu kwa kipindi husika. Usitoe asilimia kwa aina ya kimelea yenye sampuli chini ya 30. Na usichukue herufi za "sugu" na "si sugu" zilizoandikwa kwenye rejista. Chukua kipenyo, katika milimita, cha duara ambalo kimelea hakikuota kuzunguka kidonge cha dawa, kwa sababu viwango vya kutafsiri hubadilishwa toleo kwa toleo. Sampuli ile ile inaweza kuwa si sugu kwa kiwango cha mwaka fulani na sugu kwa kiwango cha miaka miwili baadaye, na wewe ukachora grafu ya usugu unaopanda kumbe kilichopanda ni kanuni.

Kwa wa VVU wanaotumia data za vituo vya tiba na matunzo: amua mapema "aliyepotea" ni nani, siku 28 au siku 90 baada ya tarehe ya kurudi, na ujue kwamba mvuvi aliyepotea Ilemela anaweza kuwa anachukua dawa Ukerewe kwa faili jipya. Usimhesabu kama aliyeacha dawa bila kufuatilia angalau sampuli ndogo ya hao waliopotea.

Mwalo_kwa_Mwalo

Ndugu Mwana_Ilemela, hesabu umepewa. Mimi naongelea namna ya kuwapata watu wazima wa mwaloni, maana hapo ndipo watu 1,046 wanapogeuka 600.

Karatasi kwanza. Kibali cha maadili cha chuo, na kama swali lako linahitaji, cha kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kisha barua inashuka: katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Mwaloni ongeza uongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi. Wengi wanairuka BMU kwa kuwa haipo kwenye mlolongo wa serikali, na ndiyo yenye rejista ya mitumbwi na inayojua kambi ipi imehamia wapi. Anza mlolongo huu angalau miezi 3 kabla.

Orodha ya kaya ya kijiji haiwabebi watu wa kambi. Kaya iko Kayenze, mwanamume analala kambini Kome. Tengeneza orodha mbili: ya kaya kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ya mitumbwi kutoka BMU. Weka swali "umelala wapi usiku 7 zilizopita" ili mtu asiingie mara mbili, na uamue kanuni: mtu ni wa mahali alipolala usiku mwingi kati ya hizo 7.

Mwezi wa angani ndio kalenda yako. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Ukifika mchana siku za giza, wavuvi wa dagaa wamelala na hawataamka kukupa kinyesi. Utakaowapata ni wenye maduka, mafundi na wazee, na kiwango chako kitashuka. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, wanashona nyavu, lakini siku mbili tatu za mwanzo ndizo wengi wanasafiri nyumbani. Pima vijijini na kambini ndani ya mbalamwezi hiyo hiyo, kijiji siku za katikati. Wavuvi wa sangara wana ratiba yao, waulize, usidhani.

Vikopo vigawiwe jioni, vikusanywe alfajiri, viwekwe kivulini, slaidi zitengenezwe siku hiyo hiyo. Kikopo kiandikwe namba pembeni. Kwenye mfuniko pekee, mifuniko ikibadilishana umepoteza watu wawili kwa mpigo.

Dawa ziwe nawe. Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kilo: mtu wa kilo 60 ni miligramu 2,400, yaani vidonge 4 vya 600. Nusu ya watu wako wakiwa nacho, ni takribani vidonge 2,100. Zungumza na mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele wa halmashauri mapema, na dawa itolewe mtu akiwa amekula, vinginevyo kichefuchefu kinasambaa mwaloni kama habari na kesho hupati mtu.

Hadubini

Hapo kwenye dawa: usije ukasema utapima pia kama dawa imefanya kazi, bila kupanga. Prazikwanteli haiui vizuri minyoo michanga. Ukirudi kuhesabu mayai baada ya miezi miwili, michanga imekomaa na wengine wameambukizwa upya, na utasema dawa imeshindwa. Wiki ya 3 ndiyo muda wa kurudi, na unalinganisha wastani wa kawaida wa mayai kabla na baada.

Na ratiba ya maabara. Watu 1,046 kwa slaidi 2 ni slaidi 2,092. Mkadirie msomaji slaidi 50 kwa siku. Wawili wanamaliza kwa siku 21 za kazi. Ukienda na kinyesi cha siku mbili, ni siku 42, kabla ya ile asilimia 10 ya kurudia. Msomaji anayelazimishwa slaidi 100 kwa siku anaanza kukosa mayai kuanzia saa nane mchana.

Mwana_Ilemela

Nimeelewa. Naenda na vijiji na mialo 44, watu 15 kila kituo, siku mbili za kinyesi, Poisson. Swali la mwisho kwa Mwalo_kwa_Mwalo: nikiorodhesha kambi mwezi wa nane na nikirudi mwezi wa kumi kupima nikaikuta imehama, nachukua kambi ya jirani badala yake?

Mwalo_kwa_Mwalo

Usichukue ya jirani. Kambi inayobaki mahali pamoja ina watu tofauti na ile inayohama, na ukibadilisha kila inayohama utabaki na waliotulia peke yao. Fanya hivi: punguza pengo, orodhesha na upime ndani ya wiki 2, siyo miezi 2. Ikihama hata hivyo, uliza BMU imeenda wapi; kama ni ndani ya eneo lako la utafiti, ifuate na ubaki na namba yake ile ile. Kama imetoka nje, iache kwenye orodha, iandike "imehama", na watu wake 15 waingie kwenye hesabu ya wasioshiriki. Ndiyo sababu ugawe kwa 0.7 badala ya 0.9 kwa upande wa kambi: 15 gawa kwa 0.7 ni 22 wa kuorodheshwa kwa kila kambi, na uchague kambi mbili tatu za ziada toka mwanzo kwa kura ile ile.

Mwana_Ilemela

22 kwa kambi, 17 kwa kijiji. Nimeandika. Shukrani wakuu.